Sura ya Nne: Watunza Njia wa Milima ya Appalachian

Katika sifa ambazo wanadamu huwapa waliowatangulia, sifa ya kufungua njia ni kubwa, na sifa ya kuipita njia ngumu mpaka mwisho wake si haba. Lakini sifa ya kuitunza, mwaka hata mwaka, mvua baada ya mvua, aghalabu haina mwenyewe, kwa sababu kazi hiyo ikifanywa vema haionekani kwa jicho la mpitaji. Mtu akanyagaye njia kavu, isiyo na gogo lililolala wala mwiba uliojitokeza, hudhani kuwa njia iko hivyo kwa tabia yake, wala hapitiwi na wazo kwamba wiki mbili zilizopita alikuwapo hapo mtu mwingine, pengine mzee wa miaka sabini, amepiga magoti matopeni akizibua mfereji kwa jembe, bila ujira na bila shahidi. Sura hii nimeiweka kwa ajili ya watu wa namna hiyo, nao ni wale wanaojitolea kutunza Njia ya Appalachian, katika upande wa mashariki wa Marekani, maana sijui mahali pengine ambapo kazi hii imepewa haki yake kwa muda mrefu na kwa tadbiri njema kuliko hapo.

Njia hiyo ni ya miguu. Huanza juu ya mlima Springer katika jimbo la Georgia, ikafuata mgongo wa milima kuelekea kaskazini, ikayapita majimbo 14, na kukoma katika kilele cha Katahdin, jimbo la Maine. Urefu wake unazidi maili 2,190, yaani zaidi ya kilomita 3,500, umbali unaokaribiana na safari ya Dar es Salaam mpaka Mwanza ikifanywa mara tatu. Watu wapatao milioni tatu hukanyaga sehemu yake kila mwaka, wengi wao kwa matembezi ya mchana mmoja. Wachache, kwa maelfu, hujaribu kuimaliza yote kwa mfululizo, na katika hao walio wengi hushindwa kabla ya kufika. Mti baada ya mti, jiwe baada ya jiwe, mpitaji huongozwa na alama nyeupe ya rangi, upana wake inchi 2 na urefu wake inchi 6, na kila alama katika hizo imepakwa na mkono wa mtu.

Fikra ya njia hii ilitolewa na Benton MacKaye, mtaalamu wa misitu aliyesoma Harvard, katika mwaka wa huzuni kubwa kwake. Mkewe alifariki mwezi Aprili 1921, naye akajitenga na miji, akapumzika kwa rafiki zake huko New Jersey, na humo akaandika makala iliyochapishwa mwezi Oktoba mwaka ule ule katika jarida la chama cha wasanifu majengo wa Marekani. Hakutaka njia tu. Alitaka juu ya milima yote ya mashariki pawe na kambi, na mashamba, na mahali pa watu wa viwandani kupumua na kujipatia afya ya mwili na akili. Na katika mambo hayo makubwa mengi hayakutimia hata leo. Lakini katika makala hiyo lilikuwamo neno dogo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama, nalo ndilo lililobeba kazi yote iliyofuata: kwamba njia igawanywe vipande, na kila kipande kiwe chini ya mikono ya watu wa mahali pale pale, wakijitolea.

Kipande cha kwanza kilifunguliwa tarehe 7 Oktoba 1923 katika mbuga za Bear Mountain na Harriman, jimbo la New York, na mwezi Machi 1925 wapenzi wa njia walikutana Washington wakaunda baraza la kuisimamia. Kisha mambo yakalegea, kama yalegeavyo mambo mengi yaliyoanzishwa kwa hotuba, mpaka walipotokea watu wawili wa sheria: Arthur Perkins, hakimu mstaafu wa Connecticut, na Myron Avery, kijana wa Maine aliyekuwa mwanasheria wa mambo ya bahari. Perkins aliugua, na tangu 1931 hata 1952, mwaka aliofariki, Avery ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa mtu mkali, mwenye haraka, asiyestahimili maneno marefu. Alitembea akisukuma gurudumu la kupimia, akaandika kila maili, akapita vijijini na mijini akiwatafuta watu wa kuunda vyama, akakikabidhi kila chama kipande chake na kukidai kila mwaka kana kwamba anadai kodi. Yeye na MacKaye waligombana katika miaka ya 1930 kwa sababu ya barabara ya magari iliyojengwa juu ya mgongo wa milima ya Virginia, MacKaye akiiona kuwa ni unajisi wa nyika na Avery akiona kuwa njia itahamishwa na kazi itaendelea, wala hawakupatana tena. Wengi wanaosimulia habari hizi humpenda MacKaye kwa upole na upana wa mawazo yake. Mimi namstahi, lakini nasema kwa insafu kwamba lau asingalikuja yule mkali na gurudumu lake, njia hii ingalibaki katika kurasa za jarida.

Tarehe 14 Agosti 1937, kati ya milima ya Spaulding na Sugarloaf huko Maine, vijana wa kikosi cha serikali kilichowapa kazi watu wa dhiki za miaka ile walifyeka maili mbili za mwisho, na ikatangazwa kuwa njia imekwisha. Tangazo hilo halikudumu mwaka na nusu. Mwezi Septemba 1938 tufani kubwa iliyapiga majimbo ya kaskazini mashariki ikaiangusha miti kwa maelfu juu ya njia. Huko kusini ile barabara ya magari iliyotajwa ikawa inaimeza njia maili baada ya maili. Halafu vikaja Vita Vikuu vya Pili, vijana wakaenda vitani, mafuta ya magari yakagawiwa kwa kipimo, na wale waliobaki hawakuwa na namna ya kufika milimani. Miaka michache ikatosha. Earl Shaffer, askari aliyerudi vitani na moyo uliojeruhiwa kwa kufiwa na rafiki yake, alipoipita njia yote mwaka 1948, wa kwanza kujulikana kuimaliza kwa mfululizo, alikuta mahali pengi pamepotea kabisa, alama zimefutika, na vichaka vimerudi mahali pao. Haikuunganika tena mpaka mwaka 1951. Kazi ya miaka kumi na sita, tangu makala ya MacKaye, ilikaribia kufutwa na miaka isiyofika kumi ya kuiacha.

Yafaa basi tueleze kwa utulivu ni nini kinachoiua njia, maana wasiojua hudhani ni miguu ya watu. Adui wa njia ya mlimani ni maji. Mguu huondoa majani na kuushindilia udongo mpaka ukawa mgumu. Mvua inyeshapo, udongo ule hauwezi tena kuyanywa maji, nayo hutafuta pa kuteremkia, na kwa kuwa pamekwisha kutengenezwa pa kuteremkia, hushika njia ile ile ya watu, kasi yake ikizidi kwa kila hatua, yakachukua mchanga, kisha changarawe, kisha mawe, hata njia ikawa korongo. Wapitaji wakiliona korongo hulikwepa, wakakanyaga pembeni, na pembeni napo pakachimbika. Na hivyo njia iliyokuwa ya upana wa mtu mmoja huwa jeraha la upana wa gari. Kizazi cha Avery, kwa haraka yake na kwa uchache wa mikono, kilipitisha njia moja kwa moja juu ya migongo ya milima, mahali ambapo maji hayana pa kwenda ila kuifuata, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya sehemu kubwa ya njia ya 1937 ihamishwe tangu wakati ule, ikakatwa upya kwa kuzunguka ubavu wa mlima.

Mtunza njia mwenye maarifa huyasoma maji kabla hajashika jembe. Kama aweza, hutoka mvua inyeshapo, akasimama akatazama yaingia wapi, yatoka wapi, yatuama wapi. Kisha njia huinamishwa kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke badala ya kuifuata. Na mahali penye mteremko mkali hulazwa gogo au safu ya mawe kwa mshazari, theluthi mbili yake ikizikwa ardhini, na mbele yake mfereji wa kutolea maji nje. Hayo ni makinga maji, na mkulima yeyote wa Usambara au Uluguru aliyewahi kulima mteremkoni angeyafahamu mara moja bila kuelezwa. Lakini kinga moja ikizibwa na majani, maji huiruka, yakaifikia ya pili yakiwa na nguvu maradufu, yakaing'oa, na ya tatu haina tena la kufanya. Kwa hiyo kazi yenyewe hasa, kazi ambayo haina picha wala sherehe, ni kuzibua: majani yakiisha kupukutika kabla ya theluji, na tena theluji ikiisha kuyeyuka, mtu hupita kinga baada ya kinga na jembe lake, akatoa matope na majani, akaacha mdomo wa mfereji wazi. Baada ya hapo hukata matawi yaliyoingia njiani, kwa kipimo cha mtu mrefu aliyebeba mzigo mgongoni. Hukwangua gome na kupaka upya alama zilizofifia, siku ya ukavu, akienda na akirudi, kwani alama ionekanayo na atokaye kusini yaweza isionekane na atokaye kaskazini. Hufagia banda la kulala wasafiri, na katika njia yote mabanda hayo yamezidi 250. Na huangalia shimo la choo, kazi ambayo waandishi wa safari huipita kimya, na ambayo bila hiyo chemchemi za milima zingalikuwa sumu.

Vyombo vyao ni vya kale. Wana jembe, sururu, mtaimbo wa kuhamishia mawe, mundu, reki ya chuma, na kile kiitwacho Pulaski, shoka upande mmoja na jembe upande wa pili, ambacho kimechukua jina la Ed Pulaski, mlinzi wa misitu wa Idaho aliyewaokoa wengi wa watu wake katika moto mkubwa wa mwaka 1910. Katika sehemu ambazo sheria ya nyika ya 1964 imekataza mashine, magogo hukatwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, kwa pumzi moja. Na atakaye kutumia msumeno huo, au ule wa mashine, sharti kwanza afunzwe na apewe cheti, maana mti uliolala kwa kujipinda una nguvu iliyofungwa ndani yake, na akataye upande usio wake aweza kuuawa na shina lililodhaniwa kuwa maiti. Kule Bear Mountain, mahali pa kipande cha kwanza, ambapo miguu ya miaka themanini ilikuwa imeuchubua mlima, wajitoleaji chini ya mafundi wa njia walianza mwaka 2006 kujenga ngazi ya mawe ya itale, zaidi ya vidato 1,000, kila jiwe likiwa na uzito wa mamia ya kilo, likivutwa kwa nyaya na kuwekwa kwa mtaimbo. Na kazi hiyo iliwachukua zaidi ya miaka kumi.

Lakini vyombo na maarifa haya visingalitosha bila ule mgawanyo uliokuwamo katika makala ya 1921. Leo vyama vipatavyo 30 vimegawana njia yote, na kila chama hugawa sehemu yake kwa wanachama, mtu mmoja, au mume na mke, au marafiki wawili, wakapewa maili moja au mbili zenye mwanzo na mwisho unaojulikana, majina yao yakaandikwa. Hapo ndipo penye siri. Mtu aliyeombwa kusaidia milima huja mara moja, akachoka. Mtu aliyepewa kipande, akakijua kila mzizi na kila jiwe legevu, akasikia usiku upepo ukivuma mjini kwake akajiuliza kama ule mwaloni mzee karibu na kijito umesimama, huyo hudumu miaka ishirini na thelathini, na akizeeka hutafuta wa kumrithi, akatembea naye kipande chote akimwonyesha maji yanapotoka. Jumla ya watu hao kwa mwaka huhesabiwa kwa maelfu na saa zao kwa malaki.

Kuna mwanamke ambaye habari zake zaingia hapa. Emma Gatewood wa Ohio, mama wa watoto kumi na mmoja, alipokuwa na umri wa miaka 67 aliondoka peke yake mwaka 1955, mfuko begani na viatu vya turubai miguuni, akaipita njia yote kutoka kusini hata Katahdin, mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake. Magazeti yalimfuata yakitaka maneno matamu ya bibi mzee mlimani, naye akayaeleza wazi wazi kwamba njia imetupwa: alama zimefutika, magogo yamelala, magugu yamefika shingoni. Maneno yale yaliwauma watunzaji, yakawaamsha. Na lililo la kupendeza zaidi ni kwamba mama huyu hakukoma katika kulaumu, bali mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa waliokianzisha chama cha Njia ya Buckeye katika jimbo lake mwenyewe, akashika kipande karibu na kwao, kando ya mto Ohio, akakifyeka na kukitia alama kwa mikono yake katika umri ambao wengine huombwa wakae kitini. Shaffer naye alifanya vivyo huko Pennsylvania. Wote wawili walikuwa na sifa ya kuimaliza njia, na wote wawili wakaona kuwa wana deni.

Serikali ilikuja nyuma ya watu hawa. Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya njia za taifa tarehe 2 Oktoba 1968, miaka arobaini na saba baada ya makala ya MacKaye, naye MacKaye alikuwa hai kuiona. Sheria hiyo, na marekebisho yake ya 1978, iliwezesha kununuliwa ardhi iliyokuwa mikononi mwa watu binafsi, hata leo zaidi ya asilimia 99 ya njia imo katika ardhi ya umma. Na mwaka 1984 lilitokea jambo ambalo kwangu ni la shani kuliko sheria yenyewe: idara ya mbuga za taifa, baada ya kuinunua ardhi, iliwakabidhi wajitoleaji usimamizi wake. Dola, ambayo kwa tabia yake hupenda kushika, ilikiri kwa maandishi kuwa wako watu waijuao kazi hii zaidi yake.

Hapa najua ya kwamba baadhi ya wasomaji wa Afrika ya Mashariki watatikisa kichwa. Wazee wetu walitolewa majumbani wakati wa ukoloni wakalazimishwa kulima barabara, na kumbukumbu hiyo imefanya neno la kazi ya njia bila malipo lisikike vibaya masikioni. Haki yao. Lakini kazi ya kulazimishwa na kazi ya ridhaa haziwi kitu kimoja kwa kuwa jembe ni lile lile. Msaragambo wa Upare, ambao kwao watu waliitana wakachimba mifereji na kutengeneza njia zao kabla ya mtawala yeyote kuwaamuru, ulikuwa wa ridhaa, na ulikuwa na mgawanyo wake, kila ukoo na mahali pake. Na katika pwani yetu mtoto hufundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa udhia njiani kumehesabiwa katika matawi ya imani. Asiyekuwa wa dini hiyo ataliona jambo lile lile kwa macho ya utu: anayeondoa jiwe hamjui atakayepita, wala hatashukuriwa naye, na kwa hivyo hakuna hisani iliyo safi kuliko hiyo.

Mwezi Septemba 2024 tufani Helene iliipiga milima ya kusini, katika North Carolina, Tennessee na Virginia. Mamia ya maili ya njia yalifungwa, miti ikalala kwa maelfu, ubavu wa mlima ukaporomoka mahali pengi, na daraja la mto Nolichucky karibu na mji wa Erwin likachukuliwa na maji, hata msimu uliofuata wasafiri wakavushwa kwa mashua. Wajitoleaji, ambao baadhi yao nyumba zao wenyewe zilikuwa zimeharibika, walianza kuingia na misumeno mara waliporuhusiwa, kila chama katika kipande chake, na vyama vya mbali vikapeleka watu. Na ilipofika majira ya safari ya mwaka 2025 wasafiri walipita.

Nawe msomaji, kama unakaa Lushoto au Marangu, Mgeta au Njombe, au popote penye njia ya mlimani ipandwayo na watoto waendao shule, kina mama waendao sokoni na wageni wachache watafutao hewa njema, usingoje chama kiundwe wala fungu litengwe. Mwone mwenyekiti wa kijiji chako, mweleze, chagua kipande kifupi unachoweza kukifikia kwa miguu, kitangaze kuwa ni dhamana yako, na kabla masika hayajaanza nenda na jembe ukafungue mifereji.